Huenda

Saa moja na robo dirisha linafunguliwa.
Foleni imeshafika kwenye tangi la maji.
Namimina kwa kipimo: sitini, themanini, mia na kumi.
Naita namba, siiti majina.
Ila arobaini na mbili namjua kwa jina,
tulifuatana ziwa.

Kunywa. Meza. Sema.
"Hatibu Semkiwa," anatamka, kinywa wazi,
nihakikishe dawa haikubaki shavuni.
Kila asubuhi ndugu yangu ananitajia jina lake
kama mgeni mpangoni.

Nyumbani, Ngamiani, kuna unyayo uani.
Baba alimwaga saruji siku ya Jumamosi,
akatuzungushia mbao, akatuapiza.
Hatibu, miaka sita, akamkimbiza kuku.
Mguu mmoja tu, wa kushoto, vidole vimetanuka.
Baba akasema, aa, nitausawazisha kesho.
Kesho yake ikawa jiwe.
Mpaka leo maji ya vyombo hutuama mle,
na anayepita na ndoo gizani hujikwaa palepale.

Alianza na miaka kumi na minne.
Nyuma ya ghala la mkonge, karibu na reli,
wavulana wanne, baiskeli zimelazwa ubavu,
karatasi imechanwa kwenye daftari la hesabu.
Akarudi macho mekundu, anacheka na paka.
"Dada, ni majani tu. Si unga."
Kweli, haukuwa unga.
Unga ulikuja akiwa na ishirini na mbili,
ukamkuta mlangoni, kama aliyeagizwa.

Nani alimnunulia pipi za mnanaa
Mama asinuse?
Shilingi hamsini, tatu.
Niliona nimempenda.

Wale wengine watatu?
Shekiondo ni mwalimu, anafundisha hesabu hizohizo.
Mgaza anauza vipuri, ana tumbo na mke mkali.
Wa tatu yuko Muscat, ananitumia picha za gari
ambalo nina hakika si lake.
Walivuta karatasi ileile, wakapokezana.
Nimewahesabu usiku mara nyingi,
jibu linakataa kutoka.

Kwenye semina daktari alituonyesha panya.
Wachanga walipewa kile kilichomo kwenye bangi,
kisha wakaachwa. Wakakua, wakanenepa,
ukiwatazama, hawana neno.
Ukubwani wakawekewa kitufe cha dawa kali.
Wenzao walibonyeza.
Hawa walibonyeza zaidi, wakarudi, wakabonyeza.

Nikanyoosha mkono: na mtu?
Akavua miwani.
"Huenda. Panya si mtu.
Kuna damu, kuna shida, kuna marafiki, kuna bahati tu.
Ila ubongo wa miaka kumi na minne bado"
(akatafuta neno, akalikosa, akachezesha vidole hewani)
"bado haujakauka."

Chai ikaletwa, na kaimati.
Mimi niko uani kwetu, nimechuchumaa,
naupima ule unyayo kwa kiganja.

Udongo uwahi ungali maji:
tuliambiwa wazazi waambiwe, walimu waambiwe.
Hakuna aliyejua
kwamba moshi nao ulikuwa unasikiliza.

Leo arobaini na mbili amenyoa.
Amevaa shati la kaka wa jirani, limepigwa pasi.
Amemeza, ametaja jina, hajaondoka.
"Kuna kijana pale kwetu," ananong'ona,
"mtoto wa Mwanasha. Juzi nimemkuta ghalani.
Nimemwambia asubiri. Si aache, maana angenicheka.
Nimemwambia asubiri kwanza akauke."
"Akakuelewa?"
"Amenicheka."
Nyuma yake arobaini na tatu anakohoa kwa makusudi.

Jioni Mama ananiuliza kutoka jikoni:
"Hatibu bado huenda hospitali?"
"Huenda," namjibu.
Simwambii ni huenda ipi.
Haniulizi.
Anainama na tambara lake,
anaukausha unyayo
kabla giza halijaingia.